Fyuzi Haifi Bure

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchota maji, Leila aliwasha mbabula mbele ya karakana ya baba yake huko Kabondo. Katika nyumba nyingine za Kisangani jiko la makaa liliwashwa kwa ajili ya chai. Kwa akina Leila chai ilingoja zamu yake. Kwanza makaa yalipasha moto chuma cha kulehemu, kile chuma kinene cha baba chenye mpini wa mti, kwa sababu umeme ulikuwa ukija mjini kama mgeni asiyependa kukaa.

Ilikuwa mwaka 2001, na vita vya Kongo vilikuwa havijaisha. Ukuta wa karakana ulikuwa na tundu lililoachwa na bomu mwaka uliotangulia, majeshi ya kigeni yalipopigana katikati ya mji na watu wakajificha chini ya vitanda bila chakula wala maji. Papa Yunus, baba yake Leila, alikuwa ameliziba tundu hilo kwa bati la kopo la maziwa, akaendelea na kazi yake ya kutengeneza redio. Kazi haikukosekana. Siku zile mtu aliweza kulala njaa, lakini si kulala bila kusikia habari.

Vipuri ndivyo vilivyokosekana. Mto ulikuwa umefungwa na vita, na kilicholetwa kwa ndege kilikuwa ghali mno. Mafundi walijifunza kuungaunga. Fyuzi ya redio ikikatika, walichukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au unyuzi mmoja wa shaba, wakaunganisha pale palipokatika, na redio ikaimba tena. Mji mzima ulifanya hivyo, hata watoto walijua. Papa Yunus naye alifanya, ila shingo upande.

"Fyuzi haifi bure," alizoea kusema. "Inakufa juu ya kukinga wengine. Uliza kwanza ni nani alikuwa anataka kuunguza nyumba."

Leila aliyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na labda ndiyo sababu hakuyasikiliza tena. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, macho makali na vidole vyepesi. Wateja waliomwona akimsaidia baba yake walimsifu sana, na sifa zilikuwa zimeanza kumvimbisha kichwa.

Usiku alilala kitanda kimoja na Adèle, mtoto wa kama miaka mitano ambaye hakuwa wa ukoo wao. Mama Leila alimkuta wakati wa mabomu, amesimama peke yake kando ya barabara, kiatu kimoja mguuni, wala halii. Adèle alijua jina lake. Alijua pia kwamba mama yake huuza samaki, na kwamba walikuja mjini kwa mtumbwi. Jina la mama yake lilikuwa Mama, basi. Nyumba ya Papa Yunus ilikuwa ya Waislamu wa tangu enzi za misafara, lakini Adèle alipofanya ishara ya msalaba mbele ya sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, Mama Leila alimngoja amalize, kisha akasema bismillahi yake, wakala. Leila alimpenda mtoto yule kama mdogo wake wa tumbo moja.

Ijumaa moja, kabla ya adhuhuri, Annette alifika kwa toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, akiwa amekumbatia mfuko kifuani. Kazi ya Annette ilikuwa kutafuta wazazi wa watoto waliopotea vitani. Alitoa kompyuta yake ya mkononi mfukoni, akaiweka mezani polepole.

"Papa Yunus, machine imekufa," alisema. "Jana groupe ya bureau ilisumbua, courant ikapanda sana. Toka pale haiwake tena."

Groupe ndiyo jenereta ya ofisi na courant ni umeme, na jenereta za siku zile ziliua vyombo vingi kuliko radi.

"Na kazi yako?" aliuliza Papa Yunus.

"Kesho asubuhi niko nakwenda Isangi na boti. Photo ya watoto yote iko mule ndani, hata ya huyu Adèle. Kama anatoka upande wa mto, ni kule watamujua. Boti ingine sijui itapata ruhusa ya waaskari lini."

"Hauko na hata moja ya karatasi?"

"Papa, wino haiko katika mji muzima."

Papa Yunus hakuahidi kitu. Alimwambia Annette arudi alasiri, kisha akaifungua mashine. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye kipande cha sabuni kwa mpangilio uleule, kwa maana skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hutoboa ubao. Alipofika kwenye ubao mama, ule ubao wa kijani unaobeba roho ya kompyuta, adhana ikasikika. Alinawa mikono, akavaa kofia yake.

"Leila, nakwenda musikitini. Usiguse kitu. Batterie ingali ndani, sijaitoa. Umesikia?"

"Ndiyo, Papa."

Adèle alikuwa amesogea, kidevu chake juu ya ukingo wa meza. Aliutazama ubao kwa muda mrefu.

"Mama iko mule ndani?" aliuliza.

"Photo yako ndiyo iko ndani," Leila alimjibu. "Mama yako ataiona, atakuja."

"Leo?"

Leila alitamani sana kumjibu ndiyo. Na hapo ndipo alipoichukua mita ya kupimia umeme, akijiambia kwamba kupima si kugusa. Alifuata njia ya umeme kutoka mahali pa betri, na hatua chache tu akaikuta fyuzi, ndogo kama punje ya mchele. Sindano ya mita haikutikisika. Fyuzi ilikuwa imekatika, lakini njia ya shaba iliyofuata ilikuwa nzima.

Kaswera, rafiki yake wa jirani, aliingia wakati huo akitafuna karanga. Baba yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, na Kaswera mwenyewe alikuwa mtu wa haraka katika mambo yote.

"Ni ile tu?" Kaswera alisema. "Bon, weka waya. Radio ya papa yangu iko na waya toka mwaka jana, na inaimba."

"Papa alikataza."

"Papa atakuta imepona. Atakasirika juu ya nini?"

Leila alimtazama Adèle, akaitazama mbabula ambako chuma kilikuwa kimeiva. Alichuna unyuzi wa shaba kutoka kwenye waya wa zamani. Aliushika kwa koleo juu ya fyuzi iliyokufa, akagusisha chuma.

Hata kitufe hakukibonyeza. Ubao ulitoa mlio mdogo, pap, na moshi mwembamba ukapanda, wenye harufu kali inayokwama kooni. Leila aliung'oa unyuzi kwa koleo. Kando ya fyuzi, kipande kimoja kidogo kilikuwa kimepasuka, na kutoka hapo mstari wa kahawia ulipita mahali palipokuwa na njia nyembamba ya shaba.

Adèle alirudi nyuma hadi ukutani. Leila akaweka koleo chini.

"Nimeiua," alisema.

"Kimya," Kaswera alinong'ona. Karanga alizisahau mkononi. "Ilikuwa imekufa toka bureau, siyo? Groupe ndiyo iliiua. Pangusa tu. Hakuna mutu aliona."

Leila alichukua kitambaa, akakilowesha kwa lotoko, ile pombe kali ya mahindi ambayo baba yake aliitumia kusafishia vyombo na ambayo majirani wachokozi walisema anaificha ili ainywe. Alipangusa masizi, akautupa unyuzi wa shaba kwenye makaa. Kaswera alikwenda zake. Leila alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, akamngoja baba yake.

Papa Yunus aliporudi, jambo la kwanza alilofanya ni kuitoa betri. Kisha hakushika chuma wala koleo. Alichukua kioo chake cha kukuza, akautazama ubao kutoka pembe moja hadi nyingine kama mtu anayesoma. Ndivyo alivyofanya siku zote. Macho kwanza, mita baadaye, moto mwisho. Alipofika kwenye kile kipande kilichopasuka alisimama.

"Ajabu," alisema. "Fyuzi imekufa. Sasa moto wa kuunguza hapa ulipita wapi?"

Leila alitazama chini.

"Leila, uliona kitu hapa?"

"Hapana, Papa."

Neno lilitoka jepesi, na papo hapo likamlemea. Baba yake aliendelea kupima, akizungumza peke yake kwa sauti ya chini. Kama njia baada ya fyuzi imeungua, basi fyuzi ilichelewa kukatika. Kama ilichelewa, umeme wa jenereta ulipita wote, ukaingia ndani hadi kwenye vile vipande vyeusi vyenye miguu mingi, ambavyo hakuna fundi wa Kisangani aliyekuwa navyo. Papa Yunus aliiweka mita chini. Alionekana amechoka ghafla.

Annette alirudi alasiri. Papa Yunus alimpa kiti kabla ya kusema.

"Mama Annette, moto uliingia mpaka ndani. Nikijaribu kupachika kitu, nitaongeza kidonda juu ya kidonda. Siwezi kukudanganya. Carte mère, ule ubao mama, imekufa."

Annette hakubisha. Alikivuta kitenge chake magotini, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Nitakwenda hivyo hivyo," alisema hatimaye. "Nitasema kwa kinywa. Ila mara ya mwisho nilisema kwa kinywa, Papa. Nilisema mutoto mwanamuke, miaka tano, mweusi wa kadiri. Wamama makumi walisimama wakalia. Kila moja alisikia mutoto wake. Wengine wananifuata mpaka leo."

Adèle alimwendea Annette, akaweka mkono juu ya mfuko mtupu.

"Mama ataiona kesho?" aliuliza.

Annette alimbeba, akamweka mapajani. Mama Leila, aliyekuwa mlangoni, aliufunika uso wake kwa ncha ya mtandio.

Leila alimwogopa baba yake, aliiogopa aibu mbele ya mgeni, na zaidi ya yote aliogopa macho ya mtoto yule. Angeweza kufyata ulimi. Kaswera alisema kweli: hakuna mtu aliyeona. Lakini Adèle aliona, na Adèle hakujua hata kwamba kulikuwa na jambo la kushtaki. Leila akapiga moyo konde, akasimama.

"Papa, si groupe," alisema. "Ni mimi."

Nje toleka ilipita ikipiga kengele.

"Niliweka waya juu ya fyuzi. Batterie ilikuwa ndani. Ikapiga pap, ikatoa moshi. Nikapangusa na lotoko. Waya nikaitupa mu moto." Machozi yalianza kumtoka, lakini alijilazimisha kumaliza. "Uliponiuliza nikasema hapana. Nilikudanganya, Papa. Nilitaka ipone mbio juu ya Adèle."

Mama Leila alivuta pumzi. Papa Yunus alimkazia macho binti yake, na Leila alingoja kofi ambalo halikuja. Badala yake baba yake alivuta kigoda, akaketi mbele yake kama daktari mbele ya mgonjwa.

"Ulibonyeza kitufe?"

"Hapana, Papa. Niligusisha tu."

"Waya ilikaa muda gani?"

"Kidogo sana. Nilipoona moshi nikaing'oa."

"Moshi ulianzia wapi? Usikisie. Kama haujui, sema haujui."

Leila alifumba macho ili aone vizuri. "Kwa hiki kipande kilichopasuka. Mustari ulikuja nyuma."

"Na mbele ya kuweka waya, ile njia ya shaba ilikuwa muzima?"

"Ilikuwa muzima. Nilipima."

Papa Yunus alirudi mezani kwa hatua ndefu, akainama na kioo chake. Aliponyanyua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Donc kumbe fyuzi haikuchelewa," alisema. "Ilikufa kwa wakati wake. Courant ya groupe iliua hiki kipande kimoja, na fyuzi ikafunga mulango. Huyu mutoto ndiye aliufungua, na moto wake ulikula hapa tu. Mama Annette, ndani moto haukufika. Nilikuwa nazika mutu muzima."

Annette alimkumbatia Adèle kwa nguvu zaidi, akasema polepole, "Mungu wangu."

Jua lilikuwa limeanza kushuka, na Annette alipaswa kuwa nyumbani kabla ya askari kufunga barabara. Papa Yunus hakukimbilia kitu. Chuma chake kilikuwa kinene mno kwa kazi ile. Kingeng'oa vipande vitatu kwa kugusa kimoja. Alizungushia waya wa shaba kwenye ncha yake, akaacha mkia mfupi uliochongoka, na mkia huo ndio ukawa chuma chake kipya. Alimwita Leila.

"Njoo ushike kioo. Macho yako ni makali kuliko yangu. Ukiona rangi ya ubao inageuka, sema, nitoe moto."

Leila alishika kioo kwa mikono miwili. Baba yake aliking'oa kile kipande kilichopasuka. Akaeleza kwamba vipande vya aina ileile vilivyokuwa kando yake vingeweza kubeba kazi yake kwa sasa. Badala ya njia iliyoungua alilaza unyuzi mwembamba, lakini mahali pa fyuzi aliweka fyuzi ya kweli, iliyotoka kwenye kamera iliyokufa ya mpiga picha wa harusi. Kwanza aliisoma namba yake chini ya kioo, ahakikishe haina nguvu kuzidi ile ya awali. "Inageuka," Leila alisema mara moja, na chuma kikaondoka papo hapo. Walisafisha, wakangoja ubao upoe na kukauka kabisa. Kisha Papa Yunus akapima tena yote, kabla ya kuigusa betri.

"Sasa bonyeza," alimwambia Leila.

Alibonyeza. Taa ndogo ya kijani iliwaka, kitu ndani kikaanza kunguruma taratibu, na kioo cha kompyuta kikapata nuru. Annette alisogea, akatafuta, akafungua picha. Adèle alitokea pale, amevaa gauni la zamani la Leila, anatazama mbele bila kucheka. Adèle mwenyewe alizunguka meza, akachungulia nyuma ya mashine kuona kama kuna mtu.

Boti iliondoka asubuhi. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Leila alikwenda shule, akarudi, akawasha makaa, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Alimweleza Kaswera kwamba amesema yote. Kaswera akasema, "Mi singeweza," na tangu siku hiyo aliacha kumtania kuhusu mambo ya kujifanya fundi.

Kisha jioni moja, kabla ya magharibi, Annette alionekana barabarani akitembea kwa miguu, na nyuma yake mwanamke mwembamba aliyenyoa kichwa. Mwanamke yule hakusalimu. Alisimama kwenye kizingiti cha karakana. Adèle alikuwa akicheza na skrubu mbovu sakafuni. Alinyanyua macho, akamtazama muda mrefu, kama alivyoutazama ubao ule.

"Mama, ulichelewa," alisema.

Mwanamke aliketi chini palepale, mavumbini, akamvuta. Baadaye, Mama Leila alipokuwa amempa maji, mwanamke yule alieleza kwa sauti iliyokatikakatika. Mabomu yalimkuta sokoni, na aliambiwa kwamba bomu liliangukia nyumba walimofikia, na kwamba hakuna mtoto aliyetoka. Alirudi Isangi, akanyoa nywele, akakaa matanga ya mwanawe, akamaliza.

"Huyu mama alipokuja kwetu, sikutaka hata kwenda kuangalia," alisema. "Kwangu mutoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Walinivuta kwa mukono. Niliona ile uso pale ndani, nikasema, huyu si wa kufanana naye. Ni yeye."

Adèle alilala na mama yake usiku ule, na asubuhi wakajiandaa kuondoka. Leila alimfunga mtoto kilemba kizuri, akamvalisha gauni lake la zamani na la pili akalikunja kwenye mfuko. Alifurahi kweli, na alilia kweli, hakujua lipi ni kubwa kuliko jingine.

Walipokwisha kuwapungia mikono hadi mwisho wa barabara, Papa Yunus hakurudi kazini mara moja. Aliweka mkono begani mwa binti yake.

"Leila," alisema, "wazee wanasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kuharibu ubao ni makosa ya kazi. Hata mimi niliharibu nyingi, na fundi mwenye kusema hajaharibu, usimupe hata redio yako. Ulikuwa na haraka, uliacha batterie ndani, haukuuliza fyuzi ilikufa juu ya nini. Ile tutafunzana mpaka uzoee. Lakini uliponiambia hapana, ulinifanya mimi, baba yako, niseme uongo bila kujua. Nilimwambia Mama Annette kitu imekufa, na ilikuwa haijakufa. Kama ungenyamaza, yule mama angeendelea kumulilia mutoto mwenye kuwa hapa kwetu, anakula, anacheza. Kosa ya mukono, mutu anaweza kuifungua na kuitengeneza. Kosa yenye kufichwa, hata fundi mwenye akili atatibu ugonjwa ingine, na mutu atakufa pembeni yake."

"Nimesikia, Papa," Leila alisema.

Safari hii alikuwa amesikia. Alisimama kidogo zaidi akitazama barabara, ambapo Adèle na mama yake hawakuonekana tena, kisha akaingia ndani kumsaidia baba yake.